Kocha Niliyemsemea

Zipo tamthilia za vijana wa shule za ng'ambo ambazo ndani yake msichana anajifunza kujipindua hewani kinyumenyume kati ya Jumatatu na Ijumaa. Jumatatu anaanguka, anacheka, na nywele zake hazijavurugika hata unywele mmoja. Jumatano anagombana na rafiki yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alhamisi anateguka kifundo cha mguu, kijana mmoja mrefu anapiga magoti kumfunga bandeji taratibu, na inaonekana bandeji ya kijana huyo ina dawa ambayo hospitali zetu hazijawahi kuletewa, maana Ijumaa msichana anapanda jukwaani mzima kabisa. Baba yake aliyemtelekeza anatokea mlangoni. Wanatazamana. Msichana anaruka, anatua, majaji wanasimama. Mazoezi yenyewe huoni. Unaona wivu, mapenzi, simu zinazokatwa kwa hasira, halafu unaona medali.

Nazijua tamthilia hizi kuliko watu wengi wa Morogoro kwa sababu kazi yangu ni kuzitafsiri. Mimi ni dijei wa sinema. Nina chumba nyuma ya saluni, upande wa Msamvu, kuta zote nimezibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na humo ndani mimi ndiye mama, mtoto, polisi, jambazi na daktari. Sauti yangu inapanda juu ya sauti zao wote, na wao wanabaki wakinong'ona chini kama majirani nyuma ya ukuta. Watu wanakwenda na flashi zao kwenye maktaba za video, wanajaziwa, na sauti yangu inapanda basi kwenda Dumila na Gairo. Inapanda pia malori yanayorudi matupu Mgeta baada ya kushusha kabichi, mpaka kwa wakwe zangu, ambako mama mkwe huwaambia wageni kwamba mkwe wake anaishi ndani ya televisheni.

Nisijifanye msomi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena cha yule aliyekaa nyuma. Hakuna dijei anayetafsiri neno kwa neno, na anayekwambia anafanya hivyo anakudanganya. Unasikia nusu, unaona nyuso, unajua hadithi inakoelekea, na pale usipoelewa unajazia. Kosa kubwa katika kazi yetu ni kunyamaza. Ukinyamaza kidogo tu mteja anasema flashi ni mbovu. Ukijazia vizuri, mteja anarudi, na hakufuata ile tamthilia, kafuata maneno yako. Mimi nilikuwa najazia vizuri kuliko wote mjini, na nililijua hilo, na nilitembea kama mtu anayelijua.

Ile sizoni, tamthilia ya sehemu nyingi, ya wasichana wa jimnastiki ilinifikia wakati nimechoka na za majambazi. Niliipenda kwa sababu ilikuwa rahisi. Lakini mtu anayetafsiri huangalia kipande kimoja mara tatu, mara nne, na mara ya nne macho yanaanza kuona mambo yake. Niliona kwamba msichana anayeongea ana miguu myembamba kama ya ndege, na msichana anayeruka ana mashavu ya miguu yaliyojaa na shingo nene. Anayeruka haonyeshwi uso. Unaonyeshwa kisogo, unaonyeshwa miguu ikitua, halafu uso wa yule mwingine, umepakwa rangi ya mdomo, ukihema kidogo kwa adabu. Aliyefanya kazi ya kweli, aliyeanza pengine akiwa na miaka minne na kuvunjika hapa na pale, hana hata jina linaloeleweka mwishoni pale majina yanapopita mbio.

Niliona, na sikusema. Ningeweza kusema, dijei huruhusiwa kutia maoni yake, watu wanapenda. Ningesema, "Jamani, anayeruka hapo si yeye, tazameni miguu." Lakini hiyo inakata stimu. Mteja analipia uongo uliokaa vizuri, na mimi sikuwa na sababu ya kuugonga.

Kwenye sehemu ya tatu kuna mahali kocha anamwita msichana pembeni. Kocha ni mwanamume mwenye mvi na filimbi, na kabla msichana hajaruka kwa mara ya kwanza anamshika mabega, anaongea naye karibu dakika nzima. Aliongea haraka, maneno ya kazi yake, nami nikadaka mawili matatu yasiyoungana. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena. Ilikuwa mchana, bati linawaka, umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu asubuhi na nilitaka kumaliza kabla haujakatika ya tatu. Basi nikajazia. Nikamwekea kocha sauti nzito ya taratibu, nikasema:

"Binti, acha kufikiri. Mwili una akili kuliko kichwa. Funga macho, jirushe. Ardhi itakupokea."

Sijawahi kutunga kitu kilichopendwa kama hicho. Ndani ya mwezi bodaboda wa Msamvu walikuwa wanaambiana, "Jirushe, ardhi itakupokea," mtu akisita kuingia barabarani. Niliiona imeandikwa nyuma ya bajaji kwa rangi nyekundu. Vijana wakinikuta kwenye chai walinipigia makofi wakitaka niseme kwa sauti ya kocha, nami nilisema. Nyumbani pia nilisema. Mke wangu akisita kuonja mboga kama imekolea chumvi, nilimwambia ajirushe.

Binti yangu alikuwa darasa la sita. Mwaka huo shule yake iliteuliwa kutoa watoto wa halaiki kwa ajili ya sherehe za mkoa. Watu wengi huiona halaiki kwenye televisheni tu: mamia ya watoto uwanjani, mbele ya mgeni rasmi, wakiinua mikono kwa pamoja, wakigeuka kuwa ua, kuwa nyota, kuwa ramani ya nchi, na mstari wa mbele wakiruka sarakasi. Wasiloliona ni ile miezi ya kabla. Aliyewafundisha alikuwa mwalimu mmoja wa makamo, mfupi, mwenye kofia ya jua na sauti ya kukwaruza. Kila siku kabla ya mazoezi aliwapanga watoto mstari mmoja, wakapita uwanja mzima wakiokota vijiwe. Kisha walitandika magunia aliyoyashona mwenyewe na kuyajaza maranda aliyoomba kwa mafundi seremala. Na sheria yake kubwa ilikuwa moja: hakuna mtoto anayeacha ardhi bila watu wawili kumshika kiuno. Wiki ya saba walikuwa bado wanabingirika.

"Baba, mwalimu anatubania," binti yangu aliniambia Jumatano moja, amekaa mlangoni anavua viatu. "Wiki ya saba hii, tunabingirika tu. Ijumaa anachagua wa mstari wa mbele, na mimi sijaruka hata mara moja."

"Kwani lazima uwe mstari wa mbele?"

"Sasa nani anamwona wa nyuma?" Alinishangaa kweli. "Halafu yule wa kwenye sizoni alijua kwa siku tano, baba. Siku tano!"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Nimelirudia jibu nililopaswa kutoa mara nyingi sana, ni fupi, lingetosha hata kabla hajamaliza kiatu cha pili. Yule hajui kuruka, mwanangu. Anayeruka ni mwingine, wanamficha uso. Badala yake nilicheka, nikavuta kifua, nikatoa sauti ya kocha: "Binti, acha kufikiri. Mwili una akili kuliko kichwa."

Naye akamalizia, akicheka pia, "Funga macho, jirushe!"

"Usimtie mtoto ujinga huko," mke wangu alisema kutoka jikoni.

"Tunataniana tu, mama watoto," nikamjibu.

Kesho yake saa kumi nilikuwa kazini wakati mke wangu alipopiga simu. Alisema mtoto ameanguka. Nilikodi bodaboda mpaka nyumbani Bigwa na njia nzima nilikuwa nikimwambia dereva aongeze mwendo. Nyuma ya nyumba yetu nilikuwa nimejenga msingi wa chumba kimoja, ukaishia hapo, umesimama usawa wa kiuno cha mtu mzima. Chini ya msingi nilikuta godoro la kitanda chetu, limeburutwa mpaka pale, limetandikwa shuka juu kwa heshima. Binti yangu alikuwa ameegemea ukuta. Halii. Mkono wa kulia ameupakata kwa mkono wa kushoto, na kiwiko kilikuwa kimekaa upande usio wake.

Wasichana wawili wa jirani walikuwa wamesimama pembeni, wameshikana. Hata katika hali ile walinipa shikamoo kwanza. Nikaitikia, nikauliza kilichotokea.

"Alisimama pale juu akatupa mgongo," mmoja akasema. "Tukamwambia tumshike, akakataa, akasema wa kwenye sizoni hashikwi. Akafumba macho. Akasema yale maneno ya kocha, yote, mpaka mwisho. Halafu akajirusha."

Mke wangu alinitazama. Tangu nimuoe sijawahi kutazamwa vile. Kisha akaenda kutafuta kanga ya kumfunga mkono.

Hospitali walimpeleka chumba cha upasuaji, wakamwekea vyuma viwili vyembamba, wakamfunga plasta kutoka begani. Daktari alieleza kwamba mfupa umevunjika jirani kabisa na kiungo, na kwamba kwa mtoto sehemu hiyo ni mbaya. Siku ya pili mwalimu wa halaiki akaja wodini, bado amevaa kofia yake ya jua, mkononi ana mfuko wa machungwa. Nilimpa shikamoo, ingawa hatupishani sana umri, kwa sababu niliona aibu.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. "Mwanangu," akasema, "nani alikufundisha kuruka peke yako? Mimi sijawahi kukufundisha hivyo. Niambie tu, sikugombezi."

Binti yangu aliangalia dirisha, kisha akaniangalia mimi. "Hakuna, mwalimu."

"Si umemwona mtu akifanya?"

"Hakuna, mwalimu. Nilijiamulia."

Nilikuwa nimesimama nusu hatua kutoka pale. Mdomo unaonipatia chakula, mdomo usionyamaza mbele ya sinema ya aina yoyote, ulinyamaza. Mwalimu alishusha pumzi, akaanza kumenya chungwa, na akasema pengine kosa ni lake, pengine aliwachelewesha mno watoto wakakata tamaa. Hata hapo sikusema.

Wiki mbili nilikaa nikiwachukia waliotengeneza ile tamthilia. Niliwachukia kwa dhati, mmoja mmoja: aliyeandika, aliyepiga picha, yule binti wa rangi ya mdomo. Nilijiambia kwamba wao wana mabwawa ya sponji ya kuangukia, wana bima na madaktari wa viungo, halafu wanatuletea sisi huku picha ya mtoto anayeruka kwa sababu baba yake katokea mlangoni. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Asubuhi moja nikafungua mashine niitazame tena sehemu ya tatu, nihesabu uongo wao wote, niupate kamili. Safari hii niliweka maandishi ya Kiingereza chini ya picha, nikachukua kamusi ya binti yangu ya shule, nikasimamisha picha kila sentensi.

Kocha hakusema chochote kuhusu mwili kuwa na akili. Alimwambia msichana: Huruki peke yako. Si leo, si mwezi huu. Utaruka ukiwa umeshikwa na watu wawili mpaka mimi niseme basi. Nimewahi kumwona mtoto wa rika lako akiruka peke yake, na hakusimama tena.

Nilisoma mara nyingi. Nilitafuta kwenye kamusi hata maneno niliyoyajua. Tamthilia ile ni uongo kuanzia kucha mpaka nywele, na ina dakika moja ya kweli, ambayo mtu fulani kule kwao, labda yule mwenye mashavu ya miguu yaliyojaa, alidai iwekwe. Hiyo ndiyo dakika niliyoifunika kwa sauti yangu. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya saluni, na mwenye saluni akaniuliza kama nimefiwa.

Siku hiyohiyo nikaingia na kurekodi upya. Nilimtafsiri kocha neno kwa neno, polepole, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi. Nikapeleka kwenye maktaba zote. Lakini flashi zilizokwisha kuondoka zimeondoka, huwezi kusimamisha basi la Gairo ukaomba watu wakurudishie sauti yako. Na waliochukua ile mpya walilalamika. "Dijei, mbona kocha siku hizi anahubiri?" aliniuliza kijana mmoja. "Rudisha ile ya ardhi itakupokea, ile ndiyo yenyewe." Mwenye maktaba kubwa akairudisha ile ya zamani bila kuniuliza. Nilipata habari, nikakasirika, na sikwenda kumgombeza. Ningemgombeza nikiwa na uso gani?

Plasta ilipotolewa, mkono haukunyooka. Alifanya mazoezi na bibi mmoja wa kunyoosha viungo pale hospitali, alibeba ndoo ndogo ya mchanga kila jioni kama alivyoelekezwa, alilia, akaendelea. Ukafika mahali, ukakataa. Anaandika, anafua, anachota maji. Ila akiinua mikono juu, wa kushoto unakwenda mbinguni na wa kulia unabaki umepinda kidogo, kama jembe la mpini mfupi. Mwalimu alijaribu kumrudisha, akamweka mstari wa nyuma kabisa. Baada ya mazoezi mawili binti yangu mwenyewe aliomba kutoka. Katika halaiki mikono yote ni mkono mmoja, alinieleza, na ukipinda mmoja jukwaa zima linauona. Alinieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nahitaji kubembelezwa.

Siku ya sherehe alimsuka nywele rafiki yake asubuhi mapema, akamfunga utepe, akamsindikiza mpaka barabarani. Mimi na mke wangu tulimwambia twende uwanjani wote. Akasema ana nguo za kupiga pasi. Nikaenda msikitini, maana ilikuwa Ijumaa, na niliporudi nilipita sokoni bila sababu, nikinunua vitu tulivyokuwa navyo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta sebuleni peke yake, mbele ya televisheni. Ilikuwa ile sizoni. Sikuamini kwamba bado anaipenda. Msichana wa rangi ya mdomo alikuwa anatembea kwenye korido na marafiki zake, midomo inacheza, na hakuna sauti. Nikadhani spika zimeharibika. Nikachukua rimoti.

"Acha hivyo hivyo, baba," akasema.

"Utaelewa nini sasa?"

"Sitaki sauti. Naangalia tu."

Nikaweka rimoti chini. Nikakaa kwenye kiti cha mbali kidogo, kofia bado kichwani. Tuliangalia hivyo, watu wakigombana na kukumbatiana bila neno, na kwa kweli bila sauti yangu ilikuwa tamthilia ya kijinga sana. Kisha ikafika ile sehemu. Kocha akamwita msichana pembeni, akamshika mabega. Nilitamani umeme ukatike.

"Hapo anasemaje?" binti yangu akauliza, hajageuka.

"Nani?"

"Kocha. Anasemaje yeye mwenyewe, siyo wewe."

Ningeweza kujazia. Hata wakati ule maneno yalikuja yenyewe, matamu, yaliyo tayari, na yangemfariji: ningemwambia kocha alisema upuuzi uleule, kwamba wote walidanganya, wao na mimi. Nikavua kofia. Nikamwambia yote kama yalivyo, kwamba haruki peke yake, kwamba ashikwe na watu wawili, na habari ya yule mtoto ambaye hakusimama tena. Nilipomaliza, kocha alikuwa bado anaongea.

"Kumbe alimwambia," akasema.

"Alimwambia."

Aliushika mkono wake wa kulia pale kwenye kiwiko, kama afanyavyo siku ambazo baridi inashuka kutoka mlimani. Kwenye televisheni msichana alikuwa anaanza kukimbia kwenda kuruka, kisha kikaja kile kisogo cha mwenzake.

"Kwa hiyo ni mimi tu sikuambiwa."